Piki iliyokatwa kwenye kadi ya benki

Binti yangu amepekua mkoba wa gitaa akaibuka na kipande cha plastiki chenye namba zilizoinuka. "Baba, hii kadi nani kaikata?"

Aliikata Mzee, mpiga besi wa bendi yetu. Ni Tanga, ile harusi ambayo mpiga solo wetu hakutokea. Kazi yangu ilikuwa gitaa la rithim, na rithim nilikuwa naipiga kwa piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, ya nailoni yenye unene wa milimita 0.46. Kwa kazi hiyo haina mpinzani: mkono ukipita nyuzi zote kwa kasi, piki nyembamba inalegea, haikwami, nyuzi zinalia karibu kwa pamoja na juu yake kuna mchakacho mwepesi unaokaa vizuri na tumba. Usiku ule nikaambiwa nishike solo, gitaa linalopiga noti moja moja.

Wimbo wa kwanza tu, solo haipo. Fundi mitambo akapandisha sauti mpaka spika zikaanza kupiga mluzi, bado haipo. Piki ya 0.46 inapinda kwanza kabla uzi haujasogea, nguvu ya mkono inaishia kwenye plastiki. Uzi unaachiwa ukiwa umevutwa kidogo sana, hivyo kinachotangulia ni "chap" ya piki yenyewe, kisha noti iliyokonda, isiyo na uzito chini yake. Ukiongeza sauti, umeongeza hiyo chap. Kwenye chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, ndiyo balaa, maana piki haijanyooka na pigo linalofuata limeshafika. Tarumbeta zikanifunika.

Tulipopumzika Mzee akanifuata nyuma ya jukwaa. "Nipe hilo ganda lako la kitunguu."

Akachomoa kwenye pochi kadi ya benki iliyokwisha muda. Mkasi tuliazima kwa wapambaji. Kadi za benki zina unene mmoja, milimita 0.76 hivi, kwa hiyo ukiwa nayo unayo piki ya wastani bila kupima. Akalaza piki yangu juu ya kadi, akaisogeza, akaigeuza, akaisogeza tena. Sikuelewa anatafuta nini mpaka alipochora kwa kalamu: ncha imeangukia sehemu tambarare, namba zilizoinuka zimebaki pale linapokaa dole gumba.

"Joto hili, mwanangu, jasho litakunyang'anya."

Akakata nje kidogo ya mstari. Kisha akachukua kiberiti, akawa anasugua ukingo kwenye ubavu wa kuwashia njiti, kipande kikiwa kimelala mshazari, upande huu kisha upande ule, na kila mara anapitisha ukucha kutafuta vimiiba. Plastiki ya kadi ikikatwa kwa mkasi huacha vimiiba, na ndivyo vinavyokwaruza nyuzi nene zilizozungushiwa waya. Unasikia "krr" halafu ndiyo noti inakuja. Ncha hakuiacha kali. Ncha kali inachongoa sauti, na spika za ukumbi ule zilikuwa zinachoma masikio tangu mchana. Akaiviringisha, akamalizia kwa kuisugua kwenye suruali yake ya jinzi mpaka ukingo ukateleza.

"Ishike fupi. Itokeze milimita tatu, nne, basi." Piki ile ile ukiishika kwa nyuma inayumba, ukiishika karibu na ncha inakaza kama vile umeongeza unene.

Awamu ya pili solo ilitoka. Noti zilikuwa na mwanzo unaoeleweka, na nyuzi nene zilipata kifua. Mama wa bwana harusi alitunza, watu wakachemka, tukapiga mpaka ukumbi ukatufukuza. Kufikia hapo ncha ilikuwa imelika bapa na unga mweupe umetanda juu ya pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi za gitaa, maana plastiki ya kadi ni laini. Kwa kazi ya kudumu nunua piki ya asetali, plastiki ngumu zaidi: zile za Tortex, kwa mfano, ya njano ni milimita 0.73, ya kijani 0.88. Uso wake hauna mng'ao, kwa hiyo hauponyoki kirahisi kwenye vidole vyenye jasho. Seluloidi, plastiki ya zamani, ina mlio mzuri, lakini ikizeeka huvunjika ghafla. Wazee husifia gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini. Hilo tuwaachie ng'amba wenyewe, biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku tangu miaka ya 1970.

Sasa, fundi mitambo hakubaliani na Mzee hata chembe. Anasema kadi haikufanya lolote la maana: niliposhika piki fupi, mkono ulirudi nyuma kuelekea daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wake, na huko uzi ni mgumu zaidi, sauti inakuwa kavu na kupenya. Nimejaribu nyumbani kwa kupiga mahali pamoja, amplifaya bila kuigusa. Nailoni ya 0.73 inanipa sauti laini, inapinda kuliko asetali ya 0.73, ambayo ni kavu zaidi. Kadi inakaa katikati yao. Basi unene peke yake hausemi yote, lakini 0.46 nayo bado inakonda popote niipeleke, hata darajani. Nilimpelekea fundi rekodi hizo. Akajibu kwamba nyumbani hakuna tarumbeta.