Nyumba Imejaa Ndugu

Anayerudi kwao baada ya miaka mingi ughaibuni huulizwa mambo mawili: ameleta nini, na anaondoka lini tena. Kama ana mtu wa kuzungumza naye, hilo haliulizwi. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu tuliorudi, hasa wale ambao nyumba imejaa ndugu tangu alfajiri, na usiku wakishafunga mlango wa chumba wanajiona hawana mtu.

Leicester, Uingereza, nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao. Ukifika mlangoni kwa mzee, ukutani kuna kisanduku kidogo cha chuma. Unabonyeza namba, kinafunguka, unatoa ufunguo, unaingia. Hakuna hodi wala karibu. Ndani mzee amekaa mbele ya televisheni, na muda uliopangiwa ni wa kumwosha, kumpa dawa na chai, kuandika kwenye daftari lake na kukimbilia kwa mwingine. Bibi mmoja alikuwa akinywa chai yake kidogokidogo makusudi, ili nisiondoke. Mwanawe alikuwa akimpigia simu Jumapili, na habari za simu hiyo nilisimuliwa mpaka Jumamosi.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke, na Japani ikafanya hivyo mwaka 2021. Niliposimulia habari hizo nyumbani waliona ni mambo ya Wazungu: huku kwetu mtu atapataje upweke, na watoto wamejaa uani? Imani hiyo ni kubwa kwetu, na nadhani ndiyo inayotufunga midomo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke. Katika nchi za kipato cha chini ni kama asilimia 24 ya watu, na katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Nilisoma takwimu hizo nikiwa Ngamiani, hapa Tanga, nimezungukwa na shangazi, wapwa na majirani, wala sikushangaa.

Mimi nilichukua uraia wa Uingereza, na sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo uwanja wa ndege nilipanga foleni ya wageni na kulipia viza dola 50 ili niingie nchi niliyozaliwa. Afisa alikuwa na adabu, akanikaribisha Tanzania. Nilimjibu ahsante, koo limenikaba.

Nyumbani ugeni uliendelea kwa mapenzi. Wazazi wangu wote wawili walifariki nikiwa mbali, na maziko ya baba niliyaona kwa simu, picha ikikatikakatika. Marafiki niliosoma nao wengi wamehamia Dar. Waliobaki wana miaka yao waliyoishi pamoja: mafuriko, harusi, ugomvi, nani alimwuzia nani nyumba. Wakianza kucheka nauliza ilikuwaje, nao wananieleza vizuri kabisa, lakini kicheko kinakuwa kimeshapita. Nami nina miaka yangu ambayo hakuna hata mmoja hapa aliyeiona. Yule bibi wa Leicester alipofariki nilikuwa tayari nimerudi, na sikuwa na wa kumpa habari hiyo akanielewa.

Kilichoniumiza zaidi ni kiti. Kwenye kila shughuli, iwe harusi, maulidi au hitima, wanawake wamekaa uani kwenye mikeka wanachambua mchele, wanamenya vitunguu, wanasutana na kucheka. Mimi napelekwa mbele, nafutiwa kiti cha plastiki, naletewa soda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miezi ilipita, jembe sikupewa. Waliniheshimu kwa dhati, na heshima hiyo iliniweka peke yangu.

Siku moja nilimwambia mama mkubwa waziwazi: "Mama, mimi hapa nina upweke." Nilitegemea aseme nisali zaidi, au anitafutie mume. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado najua kukuna nazi. Kwenye hitima iliyofuata, nilipoanza kuelekezwa kwenye kiti, akapaza sauti: "Huyo ni mwenetu, mpeni mbuzi akune." Nikakalia mbuzi. Nazi ya kwanza nilikuna mpaka kifuu, machicha yakatoka na vumbi jeusi, na mwanamke mmoja rika langu akaninyang'anya akanionyesha: zungusha, usikandamize, ukiona weusi acha. Hakuna aliyeniita "dada wa Ulaya" asubuhi ile. Walinituma maji, wakanituma chumvi, wakanikemea nilipochelewa. Nilifurahi kukemewa.

Sisemi yamekwisha. Baada ya isha kuna saa ambazo hata mbuzi ya kukunia haisaidii, na ile miaka ya Leicester itabaki yangu. Nimeacha kuilazimisha familia iijue yote. Rafiki yangu Mburundi tuliyefanya naye kazi zamu za usiku ananitumia sauti kwa WhatsApp, namjibu, na hayo yanatosha kwa upande huo.

Hapa mtaani yupo dada aliyerudi kutoka Muscat, alikokuwa akifanya kazi za ndani. Yeye hakuletewa kiti. Alirudi na sanduku moja, na watu waliokuwa wakimpigia simu kila mwisho wa mwezi wakapunguza kumsalimia. Upweke wake umechanganyika na aibu ambayo hakuistahili hata kidogo, na naona ni mzito kuliko wangu. Nilianza mimi kumpigia hodi. Siku za mwanzo tulizungumzia bei za samaki tu. Sasa ananisimulia jikoni alikolala, watoto aliowalea wakamwita mama, na jinsi anavyowaota mpaka leo. Nami namsimulia bibi yangu wa chai. Jumamosi tunakwenda soko la Mgandini pamoja. Wiki hii tumemwalika wa tatu, kijana aliyerudishwa kutoka Afrika Kusini, ambaye mama yake anasema hatoki chumbani. Kasema atakuja, ila tusimwulize maswali. Tumekubali.