Tulivyozuia tanuri la betri kando ya shule

Tangazo nililiona kwenye Gazeti Rasmi la Serikali: kampuni moja inataka kujenga kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi, hapa kwetu Kilifi, jirani na shule ya msingi. Wananchi tulikuwa na siku 30 za kutoa maoni.

Nani hapa Pwani asiyeijua habari ya mtaa wa Owino Uhuru? Kiwanda cha aina hiyo hiyo kiliwasumisha watu pale Mombasa, na Julai 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini ubongo wa mtoto ulioharibiwa na risasi hautengenezwi na fidia. Nilitaka tuseme kabla tanuri halijawashwa.

Ripoti ya athari kwa mazingira iko wazi kwa mwananchi yeyote, kwa hiyo niliisomea katika ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nikinakili kwa mkono. Sehemu ya upepo ndiyo iliyonishtua. Vipimo vilichukuliwa Januari, wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, na mchoro ukaonyesha moshi ukielekea vichakani. Mvuvi yeyote atakwambia kuwa kuanzia Aprili hivi kusi, upepo utokao kusini, hushika, ikavuma hadi Oktoba. Na shule iko kaskazini mwa kile kiwanja! Miezi hiyo yote vumbi la risasi lingetua kwenye mabati yale yale yanayokinga maji ya mvua wanayokunywa watoto.

Tukaandika hilo, na karibu hilo tu. Wengine walitaka barua ndefu ya hasira. Niliwasihi tuufuate upepo. Tuliongeza kwamba kanuni za 2003 za tathmini ya mazingira zinamtaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na wakazi, nasi hatukuitwa hata mmoja. Walimu, wazee wa mtaa na kina mama wa chama wakatia sahihi. Nakala yetu nikahakikisha imepigwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani hata kabla hujadhurika, na huko utaulizwa karatasi.

Upepo ulipimwa upya, na kampuni ikatafuta kiwanja kingine mbali na makazi. Betri hazina budi kuyeyushwa mahali fulani, nakubali, ila pawe na sakafu isiyopitisha asidi, vichujio kwenye dohani, wafanyakazi wapimwe damu, na ukaguzi wa kila mwaka usomwe na majirani. Wakazi wa huko nimeshawapelekea nakala ya barua yetu.