Kwa nini sindano ya ganzi hugoma kwenye jino lenye usaha

Mgonjwa kachomwa sindano, dakika kumi zimepita, jino likiguswa bado anaruka. Hapo husemwa dawa ni feki, au mgonjwa ni mwoga. Mara nyingi mkosaji ni tindikali.

Neva ya meno ya chini ni fungu la nyuzi. Kila uzi, yaani aksoni, ni mkono mrefu wa seli moja ambayo mwili wake uko juu huko, kwenye sakafu ya fuvu. Utando wa uzi ni mafuta. Nje yake sodiamu ni takriban mara kumi ya iliyo ndani, na ndani kuna chaji ya milivolti -70 hivi. Jino likichokonolewa na chaji ikapanda hadi karibu -55, vilango vya sodiamu hufunguka, sodiamu humiminika ndani, chaji hugeuka kuwa chanya, na vilango vya jirani navyo hushtuka. Kisha potasiamu hutoka na hali hurudi ilivyokuwa, yote ndani ya milisekunde 1 au 2. Maumivu hayana ujumbe mwingine zaidi ya huo.

Lignokaini, dawa iliyomo kwenye sindano ya ganzi, huziba kilango cha sodiamu, lakini kwa upande wa ndani. Ili ipenye mafuta ni lazima isiwe na chaji. Kwenye nyama nzima, yenye pH 7.4 (pH ni kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imezidi), robo hivi ya dawa haina chaji. Palipo na usaha pH hushuka, na tindikali huipa dawa chaji: ikifika 6.4, inayoweza kupenya ni asilimia 3 tu. Iliyobaki inazungukazunguka nje, na mishipa ya damu iliyovimba inaikomba.

Ndiyo maana kuongeza dawa palepale penye jipu ni kazi bure. Daktari hurudi nyuma ya taya, kwenye shina la neva, ambako nyama ni nzima. Huko nako dawa ienee karibu sentimita moja ya neva: nyuzi zenye ala ya myelini, yaani gamba la mafuta lenye nafasi wazi (penyo) hapa na pale, hurusha ishara kutoka upenyo hadi upenyo, na huweza kuruka penyo mbili zilizozibwa. Zikizibwa tatu, imekwisha.

Dozi isisahaulike. Mrija mmoja wa dawa, wa mililita 1.8 wenye lignokaini asilimia 2, una miligramu 36. Mtoto wa kilo 15, kwa kikomo cha miligramu 4.4 kwa kilo, asipewe zaidi ya 66: mirija miwili kamili tayari imepita. Seli za ubongo zina vilango vya aina hiyohiyo, na dawa ikizidi huviziba navyo.

Nyuzi nene za mguso huchelewa kulala, hivyo kusikia jino linavutwa bila kuuma ni kawaida.