Nilipolazwa kwenye kiti chetu wenyewe

Juzi kwenye mazoezi ya udaktari wa meno, sisi wanafunzi tulipangwa wawili wawili tuchunguzane. Nikawahi kushika kioo ili niwe daktari wa kwanza. Mwenzangu akacheka: "Hapana, yaya. Leo weye ndiyo unalala."

Nikalala. Mwaka wa nne huu nafundisha watu kupiga mswaki, na sikumbuki ni lini mtu aliniangalia mdomoni.

Alinipaka ile rangi ya waridi inayoshika ukoga. Kwa mbele, safi. Meno ya kuchekea nayatunza. Akaingiza kioo nyuma ya meno ya chini, kimya kidogo, halafu: "Mama! Ukuta huu." Ni pale pale mate yanapomwagika kutoka chini ya ulimi, chumvi zake zikagandisha ukoga ukawa jiwe. Hilo niliwahi kuliandika kwenye mtihani, nikapata alama zote. Akapitisha kile kijiti chenye vipimo kandokando ya ufizi, akisoma kwa sauti milimita za kina kati ya ufizi na jino ili niandikiwe: mbili, tatu, nne. "Damu." Tena "damu." Wa kiti cha jirani wakageuka.

Kinachonisumbua si ile damu. Wiki mbili kabla tulijaza karatasi ya Hiroshima, dodoso la tabia za kutunza meno alilolitunga Kawamura wa chuo kikuu cha huko mwaka 1988, sentensi 20 za kukubali au kukataa. Fizi zangu hutoka damu nikipiga mswaki? Nimekataa. Nangoja jino liume ndipo niende kwa daktari? Nimekataa, tena bila kusita. Sikudanganya makusudi. Nilijibu kama daktari ajaye, mwenye kinywa hakuulizwa. Mate yenye wekundu naona karibu kila asubuhi kwenye beseni, nasema ni mswaki mpya, bado mgumu.

Na gego la mwisho la kulia chini linanichoma tangu kabla ya maembe kuiva. Natafuna kushoto. Jumapili kule Katuba, Lubumbashi, shangazi alinifungulia kinywa mbele ya watu, sombe bado mezani, nikamwambia usingoje liume, enda mapema. Nilisema hivyo huku nahamisha tonge la bukari upande wa pili.

Kwa nini siendi? Pesa, ndiyo, ila si pesa tu. Pale tunapofanyia staji faili langu litasomwa na watu ninaokula nao. Halafu nimeshaona gego la namna hiyo likikatwa vipande viwili ndipo litoke. Mgonjwa wa kawaida ana bahati, hajui kinachomngoja.

Basi, Alhamisi mwenzangu yule ananikwangua ukoga, na gego litapigwa picha. Kadi yangu ninayo hapa mezani. Chini kabisa ameandika, kwa mwandiko mbaya kama daktari wa kweli: "Afundishwe kupiga mswaki."