GCC ikigoma, panda juu

Kila anayeniletea laptopu hapa Chake Chake kwa sababu GCC, ile kompaila inayogeuza msimbo wa C na C++ kuwa programu, imegoma kujengeka hunifungulia terminali na kunionyesha mstari wa mwisho kabisa, ule wenye `Error 2`. Mstari huo hauna habari yoyote. Ni `make` moja (amri inayoendesha ujenzi) inayosema kwamba `make` iliyo chini yake imeshindwa. Umetangaziwa msiba bila ya kutajiwa marehemu. Kosa lenyewe liko juu, pengine mistari mia kadhaa, na kama ulijenga kwa `-j8`, yaani kazi nane kwa mpigo, basi limezama ndani ya kelele za kazi nyengine zilizokuwa zikiendelea.

Kwa hiyo sitafuti dawa mpaka niwe na logi, yaani maandishi yote ya ujenzi yakiwa ndani ya faili. `make 2>&1 | tee jenzi.log`, kisha `grep -n -m1 'error:' jenzi.log`. Ikiwa bado haieleweki, endesha tena kwa `make -j1`: itaendelea na kilichobaki kimoja kimoja na kusimama pale pale penye tatizo.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma kompyuta Unguja, alikuja likizo na zoezi la C++ linalotumia `std::format`, njia mpya ya kupanga maandishi. Laptopu yake ina Debian 11, ambayo kompaila yake ni GCC 10.2, na `std::format` imeingia kwenye GCC 13. Akaamua kujijengea mwenyewe. Uamuzi mzuri, ila laptopu ina RAM ya GB 4.

"Mjomba, inajifia yenyewe," akaniambia. "Na kila mara faili jengine."

Hilo "faili jengine" lilinipa jibu kabla sijaigusa. Kosa la kwenye msimbo hufia pahala pamoja. Likihamahama, itazame mashine. Tukapanda juu kwenye logi, tukakuta `Killed signal terminated program cc1plus`, na `dmesg`, ujumbe wa Linux yenyewe, ikathibitisha: `Out of memory`. Kumbukumbu ilikwisha, Linux ikamuua aliyekula nyingi. GCC ina mafaili makubwa mno ambayo huzalishwa wakati wa ujenzi wenyewe, yale ya `insn-` na `gimple-match`. Kompaila ikiyashughulikia kadhaa kwa pamoja ndani ya GB 4 unatafuta balaa. Tukaweka faili la swopu (nafasi ya diski inayotumika kama RAM) la GB 4, tukashuka hadi `-j2`. Ikaenda pole pole, lakini ikapita.

Yapo makosa ambayo kwenye miongozo ya wenzetu huyaoni, nadhani kwa sababu kwao umeme haukatiki na bando haliishi. Pemba tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na hali si ile ya majenereta tena. Hata hivyo kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika ghafla katikati ya ujenzi huweza kuacha faili la `.o`, yaani kipande kilichotoka kwenye kompaila, lenye baiti sifuri. Ukiwasha, `make` hutazama saa ya faili tu: inaliona jipya, inaliruka. Baadaye sana linka, inayoviunganisha vipande hivyo, inakuja kulalama `file not recognized`, na wewe unashangaa kwa sababu mahala hapo palishapita. Watu wengi hapo hufuta kila kitu na kuanza mwanzo. Hakuna haja. `find . -name '*.o' -size 0 -delete`, halafu `make` tena.

Mashine kuukuu zina lake. Ile betri ya duara ya kwenye ubao, CR2032, ikifa, kila ukiwasha tarehe inarudi nyuma miaka. Mafaili uliyoyatoa jana yanakuwa ya kesho, na `make` inaonya `Clock skew detected`. Haisimami, inaonya tu, na ndiyo maana wengi hulipuuza onyo hilo. Usilipuuze. Sahihisha tarehe, futa folda ya ujenzi, anza tena. Betri yenyewe haina bei.

Bando nalo: skripti ya `contrib/download_prerequisites` inashusha maktaba za hesabu inazozitumia GCC: GMP, MPFR, MPC na isl. Likikatika njiani, inakataa kwa `Cannot verify integrity`, na ukirudia inakataa vile vile hata kama umeshanunua bando jipya, kwa sababu inalikuta faili nusu lipo na hailishushi tena. Lifute kwa mkono.

Kosa la `stubs-32.h` halina maneno mengi: weka `--disable-multilib` kwenye `configure`, ili sehemu za biti 32 zisijengwe. Ila `cannot compute suffix of object files` ndilo linalonikera kuliko yote, maana halisemi kweli. Hakuna tatizo la viishio vya majina ya mafaili. Kompaila mpya imejengwa na imeshindwa kuwaka hata mara moja. Fungua `config.log` ya ndani ya folda ya `libgcc`, si ile ya juu, na mara nyingi utakuta ilikosa `libmpfr.so.6` ilipotaka kuanza. Aliyejenga MPFR kwake peke yake akasahau kuonyesha ilipo kwa `LD_LIBRARY_PATH` ndiye huyo. Ukitumia ile skripti, maktaba hizo hujengwa pamoja na GCC na balaa hili hulioni.

Kijana aliniuliza kama aweke `--disable-bootstrap`. Kwa kawaida GCC hujijenga mara tatu: kompaila ya zamani inajenga mpya, mpya inajijenga, kisha inajijenga tena, na matokeo ya mara ya pili na ya tatu yanalinganishwa. Kwa kompaila ya kutegemewa na watu wengi siruhusu kuuruka ulinganisho huo, maana huko ndiko kompaila iliyojengeka vibaya inakojulikana. Kwa zoezi la skuli linalotakiwa Jumatatu, weka tu, mjomba.