Siku moja mezani na bastola kuukuu ya .22 inayogoma

Saa 2:00 asubuhi

Baridi ya Julai bado imeshika Arusha, Mlima Meru umejifunika, na baridi hiyo inahusika na kazi ya leo. Grisi nzito inayoteleza vizuri mchana inakuwa kama gundi alfajiri, na bastola ya .22, yaani ya risasi ndogo yenye kipenyo cha karibu inchi 0.22, haina nguvu ya kupambana nayo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Hii imeanza kunigomea."

Ni Ruger Standard, zile zilizotengenezwa kati ya 1949 na 1982, magazini (kibweta cha kujazia risasi) ya risasi 9. Naanza na leseni: namba iliyoandikwa kwenye karatasi lazima ifanane na namba iliyo kwenye chuma. Kisha natoa magazini, navuta nyuma bolti (kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu), naangalia chemba (tundu risasi inapokaa kabla ya kupigwa) kwa macho na kuigusa kwa kidole. Mpangilio ni huo huo kila siku, magazini kwanza, bolti baadaye. Ukigeuza, bolti inakokota risasi nyingine na kuiingiza ndani huku wewe ukiamini umemaliza.

Saa 2:30

Swali la kwanza kwa mteja: inagoma kutoa ganda, au inagoma kumeza risasi mpya? Wengi hujibu "inakwama tu", na hapo ndipo fundi asiye na subira anapokimbilia tupa. Namwomba mzee anieleze alichokiona kwenye tundu la kutolea maganda. Ganda tupu limebaki chembani? Limesimama wima, limebanwa na bolti? Au ni risasi nzima iliyogonga pua mahali? Haya ni magonjwa matatu tofauti, kila moja na dawa yake.

Jibu lake: mara ganda linabanwa wima, mara risasi mpya inachomeka pua chini. Na risasi nzima ikiwa chembani, ukivuta bolti haitoki.

Hilo la mwisho ndilo linanipa mwanga. Kwenye bastola hizi bolti haifungwi na kitu zaidi ya uzito wake na springi. Risasi ikilipuka, gesi yenyewe inalisukuma ganda nyuma, na kulabu ya kuvutia inalishikilia tu mpaka ligonge kitupio, kile kichuma kinacholirusha nje. Kwa hiyo bastola yenye kulabu mbovu inaweza kufyatua magazini nzima bila tatizo, kisha ikashindwa kutoa risasi moja ambayo haijapigwa. Kasoro ya kulabu ijaribiwe kwa risasi bandia, isiyo na baruti. Ufyatuaji peke yake hauwezi kukuonyesha.

Saa 3:15

Nafungua. Bolti inatoka ikiwa nyeusi. Risasi nyingi za .22 hupakwa nta juu ya kichwa cha risasi, na nta hiyo ikikutana na moshi wa baruti na vumbi letu laini la barabara za shamba, inakuwa uji mgumu. Unajaa sehemu tatu: chini ya ukucha wa kulabu, usoni mwa bolti pale kitako cha ganda kinapokaa, na kwenye chemba.

Chemba napaka kiyeyushi, naiacha dakika 15, kisha brashi ya shaba ya .22 naizungusha mle ndani kwa mkono mara kumi hivi. Kuipitisha kwenye mtutu tu hakutoshi, kwa sababu mtutu unaweza kung'aa huku chemba ikiwa na pete ya uchafu. Waya wa chuma kigumu usiingie humo kabisa. Chini ya ukucha natumia kijiti cha meno, nikichokoa mpaka kitoke kikavu na safi.

Saa 4:00

Chai na chapati, baada ya kunawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Masizi ya risasi hizi yana ledi (lead), madini ya sumu yanayoliwa bila kuonekana.

Saa 4:30

Sasa ukingo wa chemba, kwa lenzi na tochi. Risasi ya .22 ina kiwashio chake ndani ya ukingo wa ganda, ndiyo maana pini ya kufyatulia inapiga pembeni. Kwenye Ruger kuna kipini kidogo kinachopita ndani ya bolti kuizuia pini isifike mbali. Mtu akifungua bastola, kipini hicho kikaanguka, akairudisha bila hicho na kuifyatua tupu, pini inagonga chuma cha chemba na kuacha kidonda. Chuma kilichosukumwa kinaingia ndani ya tundu, risasi inaingia kwa shida na ganda linatoka kwa shida.

Na kweli, kidonda kipo, kidogo, kinashika ncha ya sindano. Hapa ndipo ninapokasirikia tupa. Ukikwangua, unapanua chemba, na ganda laini la shaba likikosa kuta za kulishikilia linaweza kupasuka. Chuma kirudishwe kilikotoka: kifaa chenye ncha iliyosongoka na kung'arishwa kinaingizwa chembani, kinasukumwa taratibu kuelekea kidonda. Halafu jaribio: risasi bandia iingie kwa uzito wake, ikae kwa msukumo mwepesi wa dole gumba, na ianguke yenyewe ukielekeza mtutu juu.

Kipini kwenye bolti? Hakipo. Natia kipya.

Saa 6:00

Kulabu. Naifunga bolti ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya kusukuma plunja (kipini chenye springi kinachobana kulabu) nyuma kwa bisibisi nyembamba, maana springi yake ikiruka, utaitafuta hadi jioni. Ukucha umekuwa duara, na springi imefupika. Nabadilisha vyote viwili. Kupima: telezesha risasi bandia chini ya ukucha, itikise bolti polepole. Isidondoke.

Saa 8:00 mchana

Magazini, na kwa maoni yangu nusu ya lawama zinazotupiwa bastola ni za hapa. Mzee ana mbili, naziandika 1 na 2. Namba 2 midomo yake, zile kingo za juu zinazoshikilia risasi, imeachana upande mmoja, risasi inachomoka mapema na kugonga juu ya chemba. Namba 1 springi imechoka, risasi inalala pua chini, inagonga chini ya njia yake. Springi inabadilishwa. Midomo naijongeza kwa koleo lililofungwa ngozi, kidogo kidogo, nikilinganisha na magazini isiyo na kasoro kwa kalipa (kipimo cha upana).

Halafu namwonyesha mzee jinsi ya kujaza. Ukivuta kitufe cha ubavuni mwa magazini hadi chini na kumwaga risasi, kingo zinapandana kinyume. Ukingo wa risasi ya juu lazima uwe mbele ya ule wa chini. Ukiwa nyuma yake, bolti inasukuma zote mbili na kila kitu kinasimama. Shusha kitufe nafasi ya risasi moja, tia moja, endelea.

Saa 9:30

Kufunga, tone moja la mafuta mepesi kila upande wa bolti, grisi hapana. Bolti ikirudi nusu tu na kugoma, mkono wa nyundo (ile inayogonga pini) haujakaa kwenye kikombe cha springi yake. Usilazimishe. Fungua, inua mtutu juu, rudia.

Saa 10:15

Uwanja wa shabaha. Risasi 5 kwa kila magazini, kisha 9, za aina mbili. Za kasi ya kawaida huenda karibu mita 330 kwa sekunde na za kasi kubwa karibu 380 zikipimwa kwa bunduki ndefu, pungufu kwa bastola, na bastola zingine huchagua. Risasi isipolia, mtutu ubaki kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kugusa bolti.

Namba 1 inapita zote. Namba 2 inakwama mara moja, risasi ya kwanza, pua juu. Mdomo wa kulia bado. Naifungia kitambaa chekundu, mzee anaondoka na bastola na magazini moja, hii nyingine itarudi mezani kesho asubuhi.