Kutoka Tanga hadi Misali kwa Tanga Moja

Umande, upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, ulianza saa 10 na nusu. Niliusikia kabla haujanigusa: minazi ya ufukweni ilikuwa imelala usiku kucha, mara makuti yakaanza kunong'onezana. Mume wangu alikuwa ameshakaa tezi, yaani nyuma ya mashua, mkono juu ya kana, mti wa usukani, ananisubiri mimi.

"Mama Salma, tung'oe?"

"Tung'oe, baba."

Nikavuta amari taratibu. Nanga ikaja na tope lake, nikaisuuza ubavuni mwa mashua kabla ya kuipandisha. Mwezi ulikuwa bado upande wa bara, siku mbili tangu uwe mpevu, na ghuba ya Tanga ilikuwa nyeupe kwa mwanga wake. Tukatweka tanga. Chombo kikaondoka bila sauti, umande ukitusukuma mgongoni na maji yakitoka pamoja nasi kwenda bahari kuu.

Watu wakisikia kwamba tunasafiri wawili peke yetu, hatuvui samaki wala hatubebi mzigo, hushangaa na kuuliza tunakwenda kufanya nini. Tunakwenda kusafiri. Injini ndogo tunayo kwa dharura, imefungwa kwa turubai, na tukimaliza msimu bila kuifungua moyo wangu hufurahi. Raha yenyewe iko katika kupanga: kuikuta siku ambayo upepo, maji na jua vyote vitakubali uende unakotaka.

Safari hii ya Februari tuliipangia wiki tatu. Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, na kutoka mlango wa ghuba ya Tanga ni kama maili 27 za baharini, kuelekea mashariki na kusini kidogo. Wakati wa kusi huko hakuendeki kwa chombo kama chetu. Kusi hutoka kusini-mashariki, karibu usoni pako kabisa, na inabidi kubisha, yaani kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, njia nzima. Kubisha kwa tanga la pembe tatu si mchezo. Kila mkigeuka, foromali yote, boriti inayobeba tanga, lazima ihamishwe ipite mbele ya mlingoti, tanga lizungushwe, kamba zibadilishwe upande, na chombo huku kinayumba. Majahazi yana mabaharia wa kazi hiyo. Sisi ni wawili na umri umeshapita 50.

Kaskazi ni habari nyingine. Upepo huo hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo ukienda Pemba unakupata ubavu wa kushoto, na ukirudi unakupata ubavu wa kulia. Unafunga joshi, kamba ya mbele ya tanga, mara moja Tanga, unafika Misali bila kuigusa tena foromali. Ukiwa umetia nanga na maji yametulia unaigeuza kwa nafasi yako, kisha unarudi nyumbani. Kwa miezi hiyo michache, kuanzia Desemba hadi Machi, ni kama Mungu ameufungua mlango pande zote mbili.

Tulichagua bamvua, siku za maji makubwa, kwa makusudi. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na kupwa kiasi cha saa 4 asubuhi. Ukiondoka saa 11, maji yanakutoa ghubani yenyewe. Ukifika ng'ambo saa 7 au saa 8 mchana, unayakuta yanajaa, na hapo hata ukigusa mchanga utainuliwa baada ya muda mfupi. Anayefika na maji yanayokupwa, akikwama, atapwelewa mpaka usiku. Na lipo jua. Anayekwenda mashariki asubuhi linampiga machoni, haoni chini. Baada ya adhuhuri liko nyuma yake, na bahari inajifunua yote.

Kulipambazuka tukiwa tunakipita kisiwa cha Ulenge. Kiasi cha saa 2 umande ukafa, kama kawaida yake jua likishapanda. Tanga likalegea, demani, kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, ikaning'inia majini. Kwa saa nzima hatukwenda popote. Zamani kipindi hiki kilikuwa kinanikera. Siku hizi nakipenda kuliko vyote, kwa sababu ndipo tunapozungumza. Baba Salma alikuwa anapitisha mafuta kwenye kapi ya henza, kamba ya kutwekea tanga, akanisimulia jambo la utotoni mwake ambalo sikuwahi kulisikia kwa miaka 27 ya ndoa. Nchi kavu angelisimulia lini?

Kisha mstari mweusi ukatokea juu ya maji upande wa kaskazini-mashariki, ukaja haraka, na kaskazi ikatufikia. Tanga likajaa kwa mlio mmoja.

Kati ya Tanga na Pemba maji hubadilika rangi ghafla. Kijani kinaisha, inaanza nili nzito inayoelekea weusi, na hapo unajua sakafu imekuondokea. Mkondo wa Pemba una kina kinachokaribia mita 800. Ni kwenye maji ya pwani hii ya Tanga wavuvi walipoanza kuwanasa silikanti miaka ya 2000, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za kale, hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hifadhi ya bahari ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009 imepewa jina lake. Kila nikipita hapo hutazama chini, ingawa huko chini hakuna cha kuonekana ila miale ya jua inayozama.

Maji ya hapo huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hukimbia sana, wakati wa kaskazi hupungua nguvu lakini hayageuki. Ukiielekeza omo, mbele ya chombo, Misali moja kwa moja utajikuta umepelekwa juu kabisa. Tukaielekeza kusini ya kisiwa, kwenye maji matupu, tukaacha mkondo utusahihishe. Nyuma yetu milima ya Usambara ilikuwa inafifia. Mbele hapakuwa na kitu, kwa kuwa Pemba ni ya vilima vifupi na huchelewa kuonekana. Simu ina GPS, na Baba Salma huitazama mara moja kila saa, lakini dira ya shaba iliyo karibu na goti lake ndiyo anayoiendeshea.

Sasa niseme habari ya mikono, maana bila hiyo mlango wa Misali hautaeleweka.

Mwaka wetu wa kwanza na mashua hii tulikuwa tunapigiana kelele. Mimi omo, yeye tezi, mita 7 kati yetu na tanga katikati. Siku moja, upepo ukiwa nyuma, niliona maji ya kahawia mbele yetu nikapaza sauti, "Kulia!" Upepo ulikuwa unatoka kwake unakuja kwangu. Alisikia sauti, neno hakulisikia. Akauliza, "Nini?" Nikageuka kumjibu, na kwa kugeuka nikaacha kuyatazama maji. Kifungu, mwamba mdogo wa chini ya maji, kikatukwaruza ubavuni, pamba ya kalafati ikatoka kwenye maungo ya mbao mbili. Tulifua maji kwa zamu hadi magharibi, yeye ndoo moja, mimi ndoo moja, na hatukusemezana. Nilikuwa na hasira naye na yeye alikuwa na hasira nami. Tulipofika na kutia nanga, ndipo akasema, "Kesho usiniambie kitu. Nionyeshe tu."

Tangu siku hiyo omoni hakuna maneno. Mkono wa kulia ukinyooka, chombo kinakwenda kulia. Wa kushoto, kushoto. Kiganja kikielekea chini, punguza mwendo. Mikono miwili juu, achia demani sasa hivi. Kanuni ni moja: anayeshika usukani haulizi. Ana haki ya kuuliza yote anayotaka, nanga ikishashika. Yeye huniita rubani, na napenda kuitwa hivyo, kwa sababu kabla ya kuwa mtu wa ndege rubani alikuwa mtu wa baharini, anayekijua kipande chake cha maji na kuwapitisha wenye vyombo.

Saa 7 na nusu Misali ilikuwa mbele yetu, msitu wa kijani uliosimama juu ya mawe meusi, na mchanga mweupe chini yake. Nikasimama omo, mkono mmoja umeshika kamba, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi.

Maji huyasomi kwa kuyakodolea. Unayaacha macho yatembee. Nili ni kina, pita bila wasiwasi. Samawati ya kung'aa ni mchanga chini ya pima tatu nne. Kijani cha majani mabichi, mchanga uko karibu zaidi. Nyeupe inayoelekea manjano, hapo utagusa. Kahawia ni mwamba au majani ya bahari, na kutofautisha hivi viwili kumenichukua miaka: majani yana kingo zilizofifia, mwamba kingo zake zimekatwa kama kwa kisu. Nikaiona njia. Ulikuwa utepe wa samawati kati ya mabaka mawili ya kahawia, na mbele yake uwanja wa mchanga ambako nanga ingelala bila kuvunja tumbawe hata moja.

Nikanyoosha mkono wa kushoto. Omo ikaenda kushoto. Nikaurudisha katikati. Kiganja chini. Baba Salma akalegeza demani kidogo, mwendo ukapungua. Tukaingia kwenye utepe. Upande wa kulia niliona matumbawe waziwazi, samaki wa manjano wakipita juu yake.

Hapo ndipo wingu lilipofika. Sikuliangalia angani, nililiona majini: kivuli kilikuja kutoka ubavuni na kuufuta utepe wote. Samawati ikawa kijivu, kahawia ikawa kijivu, na mbele ya omo, kama mita 20, palikuwa na weusi ambao sikujua kama ni sehemu ya kivuli au ni jiwe.

Nikainua mikono miwili.

Sikugeuka. Nilisikia demani ikipita kwenye kigingi, kisha tanga likaanza kupigapiga juu ya kichwa changu kwa kishindo. Chombo kikapoteza mwendo, kikabaki kinasukumwa polepole na upepo. Nyuma yangu hapakutoka neno. Kwa jinsi ilivyoonekana huko tezi alikokaa, maji yalikuwa safi, na mkewe amesimamisha mashua katikati ya njia bila sababu. Nilihesabu pumzi zangu. Zilikuwa kama 15 hivi.

Wingu likapita. Rangi zikarudi moja moja, kwanza upande wa kulia, kisha mbele. Ule weusi haukwenda na wingu. Ulibaki, ukawa kahawia, kingo zimekatwa, kichwa cha tumbawe kipana kama mkeka wa watu wawili, na juu yake maji yasiyozidi magoti yangu. Mashua yetu inahitaji zaidi ya hapo.

Mkono wa kulia. Demani ikavutwa, tanga likanyamaza, tukakizunguka. Baada ya hapo nikatupa nanga mchangani, nikaiona ikitua na kunyanyua vumbi la chini kama wingu dogo jeupe. Ndipo mume wangu akaja mbele, akainama ubavuni kutazama nyuma tulikopita, akalitazama lile jiwe kwa muda mrefu. Akanishika bega. Hakuwa na swali hata moja.

Misali tulikaa siku mbili kwa idhini ya walinzi wa hifadhi, mchana pwani na kuogelea, usiku tukilala chomboni. Kisiwa kimekuwa chini ya hifadhi tangu mwaka 1998, na wavuvi wa Pemba bado wanaruhusiwa kuvua sehemu zake kubwa. Wazee husema jina lake linatokana na nabii Hadhara, aliyetaka msala wa kusalia na usipatikane, akasema kisiwa chenyewe ni mfano wa msala, kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Upande wa magharibi ukuta wa matumbawe unashuka hadi macho yanashindwa. Tuliogelea ukingoni mwake, na kasa mmoja aina ya ng'amba akapanda kutoka gizani, akavuta pumzi hatua chache kutoka kwetu, nikayasikia maji yakimtoka puani, akashuka tena bila haraka. Jioni, kabla mwezi haujatoka, Kilimia, lile kundi la nyota, kilikuwa juu, na tulilala chali juu ya tanga lililokunjwa tukikitazama.

Asubuhi ya tatu tukaigeuza foromali, taratibu, kama tulivyopanga, na tukaondoka saa 1. Kaskazi ilikuwa na nguvu kuliko siku ya kwanza, ubavu wa kulia, mashua ikikimbia na povu likiruka. Usambara ikatokea saa 4. Nilikuwa nimechoka macho. Siku mbili za mng'aro wa mchanga zilikuwa zimenichoma, na nilipoyafumba niliona miduara myekundu.

Tulipokuwa tunaikaribia ghuba, jua lilikuwa mbele yetu na bahari yote imegeuka bati, haina rangi ya kusoma. Mlango una maboya, hapo hapana taabu. Taabu iko ndani, kwenye fungu lililo kabla ya mahali petu pa kutia nanga.

"Nipishe huko," Baba Salma akasema. "Njoo ushike wewe."

Nikaja tezi, nikaketi mahali pake, mti wa kana ukiwa bado na joto la kiganja chake. Akaenda omo, akasimama, akakinga macho kwa mkono mmoja. Kutoka pale nilipokaa niliona maji meupe ya jua tu, na mgongo wake. Kisha mkono wake wa kushoto ukanyooka, na nikavuta kana.